Asante kwa Chemba Inayofurika

Divine na Kelvin,

Mliniomba niwaandikie jinsi manispaa inavyofanya kazi, ili msinipigie simu kila mkikwama. Haya, naandika. Lakini anayetafuta humu jinsi Mzee Rajabu alivyopanda cheo atafunga daftari mapema, maana cheo sikuwahi kuwa nacho. Nilikuwa na meza, hiyo niliyowaachia, ndani ya duka la fotokopi, Jules Street, Malvern, huku kusini mwa Afrika, na kazi yangu ilikuwa kuwaandikia watu wetu wa Kiswahili barua za kwenda serikali ya jiji. Wakongo, Warundi, Watanzania wenzangu, na Wakenya wachache wanaodai Kiingereza wanakijua wenyewe (Kelvin, sijakutaja). Taa ya barabarani imezimika, barua. Taka hazijachukuliwa, barua. Kibali cha kuuza nyanya kando ya barabara, barua na fomu na picha nne. Nilianza 2015, na mwezi uliopita, 2019 hii, macho yaliniambia basi, nami sikubishana nayo.

Kabla ya hapo nilikuwa sekuriti kule Turffontein, karibu na uwanja wa mbio za farasi. Miaka kumi na moja nafungua geti, nafunga geti, mpaka magoti yakagoma. Siku moja nilikwenda kutoa kopi za karatasi zangu, nikamkuta mwenye duka, Mzee Joshi, anahangaika na mama mmoja wa Kirundi. Ninyi mnamjua Mzee Joshi wa kusinzia kwenye kiti. Mimi nilimkuta wima, sweta la kijani, anapiga Kiingereza kwa mkono mmoja na kuipiga mashine ya kopi kwa mwingine. Mama alikuwa anataka barua ya taa, na mzee hamwelewi. Nikaingilia, nikatafsiri. Mzee akanitazama kutoka juu hadi chini.

"Kuandika unajua?"

"Mimi?" nikasema, na majivuno yote ya Tanga yakanipanda kichwani. "Mimi nimesoma, mzee."

Akanivutia kiti.

Sasa sikilizeni aibu yangu ya siku ya kwanza. Niliandika kurasa tatu. Nilianza kama tulivyofundishwa: natumai barua hii itakukuta u mzima wa afya, wewe na wote waliokuzunguka, nasi huku tu wazima, hofu na mashaka ni kwako uliye mbali na upeo wa macho yetu. Yote kwa Kiingereza, kwa mhandisi wa taa nisiyemjua. Nikamuulizia watoto. Nikampa habari za baridi ya Malvern. Ama baada ya salamu, taa yenyewe ilitokea ukurasa wa tatu, chini kabisa, imebanana na wasalaam. Mzee Joshi aliisoma mpaka mwisho bila kucheka, kisha akavua miwani.

"Huyu mhandisi ni mjomba wako?"

"Hapana, mzee."

"Watoto wake umewahi kuwaona?"

"Sijawaona."

"Basi waache wacheze. Nguzo namba ngapi, mtaa gani, imezimika tangu lini. Mistari minne."

Nikamwambia mistari minne ni utovu wa adabu, kwetu hata mtu anayekuja kukudai huanza na hujambo. Akasema adabu ya barua ni kusomwa. Nilinuna mpaka saa ya chai, kisha nikaandika mistari minne. Taa ikawaka baada ya miezi miwili, na huyo mama wa Kirundi akaniletea maharage.

Mzee Joshi alikuwa amekula chumvi nyingi, na karibu yote aliila ndani ya manispaa. Miaka thelathini alikuwa karani wa rejesta katika jiji moja kubwa la Maharashtra, India, kabla ya kumfuata binti yake huku. Wakati wa chai alinisomesha. Kwao, alisema, watu wa kila kata wanachagua diwani, madiwani wanamchagua meya, meya anapewa joho na kiti kirefu. Halafu serikali ya jimbo inaleta kamishna, mtu ambaye hakuna aliyempigia kura, huyo anapewa kalamu.

"Wewe ungechagua nini, Rajabu? Joho au kalamu?"

Nikasema joho, maana linaonekana. Alinisikitikia sana.

Katikati ya joho na kalamu, akaendelea, kuna kamati ya kudumu iliyokalia bajeti kama kuku aliyeatamia mayai, na humsogelei bila kudonolewa. Chini yao wote, ghorofa ya chini, mlango wa pili kutoka chooni, alikaa yeye na rejesta yake. Kila barua iliyoingia aliipa namba. Mameya walipita, makamishna walihamishwa, namba zikabaki. "Huku kwenu ni vilevile," aliniambia. "Mna madiwani wa kata, mna baraza, mna meya na kamati yake, mna meneja wa jiji mwenye kalamu. Achana nao. Tafuta mwenye rejesta." Na akanipa sheria mnayoiona imebandikwa juu ya mashine: nakala mbili. Moja inabaki kaunta, ya pili wanaigonga muhuri wa kupokea, unarudi nayo. Barua isiyo na muhuri, alisema, ni hadithi.

Miaka yote ile sikuwahi kurudi kutoka kaunta bila muhuri, isipokuwa barua moja tu. Nitaifikia.

Mwenye rejesta wetu alikuwa Sis Nomsa, kaunta namba tatu, ofisi ya huduma, sitaji ipi. Mpole, kucha ndefu za zambarau, anakuita Baba hata kama unamfokea. Yeye ndiye aliyenionyesha idara, na mimi nikazipa majina ya kwangu ili zikae kichwani. Kuna Maji Yanayoingia, hao ni wa bomba. Kuna Maji Yanayotoka, hao ni wa maji taka. Kuna Maji ya Mvua, hao ni wa mitaro. Kila mmoja ana jengo lake, magari yake, na uhakika kwamba jambo lako ni la mwenzake.

Kesi ya Mama Riziki ndiyo iliyonifundisha kazi, na ndiyo hasa ninayotaka kuwaachia. Mama Riziki ni mshonaji, Mkongo wa Uvira, sauti ya kwaya, hata akikunong'oneza jirani anasikia. Mwaka 2017 alikuwa na chumba kimoja cha chini katika yadi nyuma ya Jules Street, na cherehani tatu, na wanawake wawili waliokula kwa mikono yake. Walishona sare za shule na za kwaya. Hatua mbili kutoka mlangoni pake kuna chemba ya maji taka. Siku moja mfuniko ukainuka wenyewe, na kilichokuwa chini kikaja juu kusalimia.

Nikaandika mistari minne kwenda Maji Yanayotoka. Baada ya wiki sita wakajibu: chemba iko pembeni ya barabara, kwa hiyo ni ya Maji ya Mvua. Maji ya Mvua wakajibu kwamba mvua haijanyesha tangu mwezi wa nne, kwa hiyo maji hayo hayawezi kuwa yao. Maji Yanayoingia, ambao wala sikuwaandikia, walijibu pia, wakituomba tutumie maji kwa uangalifu.

Nikarudi kwa Sis Nomsa. Akaangalia kompyuta. "Baba, shauri lako limekamilika."

"Limekamilikaje, na mama anaruka maji?"

"Limekamilika kupelekwa idara nyingine."

Kumbe ndivyo ilivyo: shauri likitoka mezani kwa mtu, kwake limekwisha. Sikumlaumu sana. Miaka kumi na moja getini, gari likishapita, mimi pia halikuwa langu tena. Lakini niliandika barua kumi na nne, wallahi, na zote kumi na nne zilikamilika.

Mwanzoni mwa 2018 akaja bwana afya. Kijana safi, viatu vinang'aa, aliruka chemba kwa ustadi. Akasema kweli tupu: nguo za watoto haziwezi kushonwa hatua mbili kutoka kwenye maji taka. Akamwachia Mama Riziki ilani. Siku thelathini, mahali pasipokuwa pakavu, karakana inafungwa. Manispaa ileile iliyoshindwa kuyaondoa maji sasa inamfungia mama kwa kuwa na maji. Nilipomwambia kijana hivyo, akanijibu kwa upole kwamba maji si idara yake, yeye ni wa harufu.

Mama Riziki alikuja na ile ilani mezani kwangu. Hakukaa. Mwenye yadi alikuwa ameshamwambia akifungiwa tu, chumba anapewa mtu mwingine. Na chumba kikiondoka, cherehani ziende wapi, na wale wanawake wawili waende wapi?

"Papa Rajabu," akasema, "kule kwetu nilikimbia risasi. Mara mbili. Sasa huku nikimbie mavi?"

Nilichukua kalamu nikasema tuandike ya kumi na tano.

"Hapana. Barua ya kuomba inatosha. Miye nataka barua ya asante."

"Asante ya nini?"

"Ya chemba. Kwamba wameizibua."

"Si haijazibuliwa!"

"Ndiyo maana." Akavuta kiti sasa. "Ku kanisa yetu, pale Joubert Park, mtu akingojea kitu, anasimama mbele ya watu anashukuru kama vile alishapata. Mama Furaha alishukuru mtoto mbele ya mimba, tumbo bado tupu. Leo mtoto anatembea. Ukiomba-omba sana, donc, basi, hauamini. Andika: asante, chemba imepona, Mungu awabariki."

Mimi ni Mwislamu, na kushukuru tunakujua. Lakini nilimwambia, "Mama, Mungu anayajua yaliyo mbele. Manispaa haijui hata yaliyo nyuma. Huo utakuwa uongo, na jina langu liko chini." Tukavutana. Akasema imani yangu ni ya kopo, ukitikisa inalia tu. Nikamwambia asinitukanie imani ndani ya duka la watu. Mzee Joshi, ambaye nilidhani amesinzia, akauliza tunagombania nini. Nikamtafsiria. Akazungusha kikombe.

"Miaka thelathini ya rejesta," akasema, "niliandika malalamiko, maombi, vitisho, na mashairi ya mwendawazimu mmoja. Shukrani sikuwahi kuandika hata moja. Sijui ingekwenda wapi. Andika, Rajabu. Mimi nataka kuona."

Basi nikaandika. Tunawashukuru kwa chemba. Mistari minne. Nakala mbili.

Kaunta namba tatu, Sis Nomsa akaweka vidole kwenye kompyuta bila kunitazama. "Lalamiko, Baba?"

"Hapana, mwanangu. Shukrani."

Vidole vikasimama. "Shukrani ya nani?"

"Yenu."

Akainua macho. Akatafuta kwenye kompyuta: maji, umeme, taka, barabara, kelele, mbwa. Shukrani hamna. "Hawu," akasema, akamwita mkubwa wake. Mkubwa akasoma, akasoma tena, akaita mwenzake. Walikuwa wanne kwenye kaunta moja, jambo ambalo sijaliona tena maishani, wanaishika karatasi kwa pembe kama picha ya harusi. Kwa kuwa haikuwa na idara ya kupelekwa, ilibidi ipande juu. Nakala yangu ikagongwa muhuri.

Barua ile ilipanda ghorofa kwa kasi ambayo malalamiko yangu kumi na manne hayakuijua. Sis Nomsa alinisimulia baadaye. Kule juu wakauliza: ni nani aliyeizibua chemba hii? Maji Yanayotoka wakasema ni wao. Maji ya Mvua wakasema samahani, ni wao, barua zipo zinazoonyesha kwamba chemba ilipelekwa kwao. Maji Yanayoingia wakasema hakuna kinachotoka ambacho hakikuingia kwanza. Kila mmoja alikimbilia kompyuta kuandika kwamba kazi aliimaliza yeye, na ili amtangulie mwenzake, akaiandikia tarehe ya nyuma. Mpaka wanamaliza kugombea, chemba ya Mama Riziki ilikuwa imezibuliwa mara tatu, zote mwaka uliopita.

Na diwani akapata habari. Diwani wetu hakuwa mtu mbaya. Mikutano yake ya kata niliihudhuria yote. Tulikuwa tunapewa viti, chai, na ahadi ya mkutano mwingine. Ila tangu achaguliwe hakuwahi kushukuriwa kwa maandishi. Akasema atakuja Jumamosi, yeye na mpiga picha, kupiga picha na chemba.

Kufika Jumamosi hiyo zingebaki siku kumi na moja kwenye ilani. Nilimwambia Mama Riziki tumekwisha, mheshimiwa anakuja kuona kitu ambacho hakipo. Yeye alikwenda kupiga pasi sare za kwaya.

Jumamosi wakaja. Wanawake ishirini wa Joubert Park wamepanga mstari kwenye yadi, bluu tupu, wanaimba. Diwani akashuka garini anatabasamu, suti ya kijivu, mkono umenyooshwa, akatembea moja kwa moja kuelekea kwenye wimbo. Chemba ilikuwa katikati. Mguu wa kulia ukaingia mpaka kwenye soksi.

Wimbo haukukatika. Wakongo mnawajua.

"Eish!" akasema diwani. "Si mliandika imezibuliwa?"

"Ndiyo, mheshimiwa," Mama Riziki akamjibu, na mimi nikatafsiri huku nikitafuta pa kujificha. "Tumeshukuru kwa imani. Sasa tunangojea."

Mpiga picha akapiga. Diwani akatazama kiatu, akatazama kamera, akatazama wanawake ishirini. Sijui aliwaza nini, lakini uso wake ulilainika, hilo nampa. Akatoa simu. Alipiga palepale, mguu mmoja hewani, akapiga tena, na tena, na katika kila simu nilisikia neno moja, sasa, sasa, sasa.

Yakaja magari matatu, ya idara tatu, na wasimamizi watatu ambao wakaanza kubishana chemba ni ya nani, maana kila mmoja alikuwa ameshaimaliza. Wakati wanabishana, fundi mmoja akashuka kutoka gari la mwisho. Mfupi, mtu wa makamo, kovu juu ya nyusi, ovaroli ya rangi ya chungwa. Hakuuliza ya nani. Alifungua mfuniko, akapima kwa fimbo, akaona fimbo haitoshi. Akashuka mwenyewe. Mpaka kiunoni, nasema, ndani ya kile kitu, akazamisha mikono yote miwili na uso ameugeuzia ukutani. Alitoa mzizi wa mti mnene kama mkono wangu, na baada ya mzizi akatoa vitambaa, vingi, vya bluu.

Nikamgeukia Mama Riziki. Akatazama chini.

"Tulikuwa tunaziba, Papa," akasema polepole. "Isiingie mu nyumba. Miezi yote ile, tungefanya nini?"

Barua kumi na nne nilizoandika, hata siku moja sikumuuliza anazuiaje maji. Kikulacho ki nguoni mwako, na hiki mimi karani wa nguo zake sikukiona. Fundi alivisokota vile vitambaa akavitia kwenye ndoo chini ya mzizi, wasimamizi wasivione. Maji yakaguguma mara moja, yakashuka. Akaomba maji ya kunawa, Mama Riziki akamletea na sabuni, akamletea na kiti, kiti akakikataa. Wakaondoka.

Mnadhani hapo ndipo mwisho. Mimi pia nilidhani.

Jumatatu nikaenda kwa bwana afya aiondoe ilani, yadi ni kavu kama mkate wa jana. Akafungua kompyuta yake, akakunja uso. Ili aondoe ilani anahitaji kuona kazi ya kuzibua iliyofanyika baada ya ilani. Kwenye kompyuta kuna kazi tatu, zote za mwaka uliopita, kabla ya ilani. Jumamosi hakuna kitu.

"Njoo uone kwa macho," nikamwambia.

"Naweza kuja, Baba. Lakini nikikuta pakavu, nitaandika nini? Pamekauka kwa kazi gani?"

Nikakimbilia kaunta namba tatu, na magoti yangu haya. Sis Nomsa akatafuta, akanithibitishia. Siku ile ya Jumamosi hakuna namba ya kazi iliyotolewa, na haikuwezekana kutolewa, kwa sababu huwezi kuifungulia kazi chemba iliyokwisha kuzibuliwa mara tatu. Magari yalitumwa kwa simu ya mdomo. Kwa manispaa, Jumamosi haikutokea. Siku zilizobaki zilikuwa tisa, na mwenye yadi alishaanza kuleta watu kukagua chumba.

Sis Nomsa akatazama kushoto na kulia, akainama. "Baba Rajabu, ungekuwa na lalamiko jipya, ningelifungulia namba leo. La kusema chemba inafurika tena."

"Haifuriki. Kavu."

"Najua. Ndiyo maana itakamilika haraka."

Niliondoka nikazunguka jengo mara mbili. Mtu mzima, mwenye mvi, nimeshukuru kwa chemba inayofurika, na sasa nalalamikia chemba iliyokauka. Mama yangu alinifundisha kusema kweli kwa fimbo. Kisha nikawakumbuka wale wanawake wawili, mmoja wao mjane anayelala na cherehani chumbani kwa kuwa hana pengine, nikaketi kwenye ngazi nikaandika. Mistari minne. Sahihi yangu. Muhuri.

Lalamiko hilo ndilo pekee katika miaka yangu yote lililoshughulikiwa kwa siku moja. Walikuja, wakakuta kavu, wakaandika kazi imefanyika, tarehe ya siku hiyohiyo. Bwana afya akaja siku ya tatu, hakuhitaji kuruka, akaifuta ilani. Mama Riziki aliisoma ile karatasi, hakuimba, hakupiga magoti. Alikaa kwenye cherehani, akashona mstari mmoja mrefu kwenye kitambaa kitupu, mpaka mwisho wa kitambaa. Kisha akalia, na mimi nikalia, na sioni haya kuwaambia.

Sasa ile barua isiyo na muhuri.

Wiki hiyohiyo nilitaka kumshukuru yule fundi. Jina lake sikuliuliza, na hilo linanichoma mpaka leo. Nikaandika barua, nakala mbili, nikaipeleka kaunta namba tatu nikiwa na furaha, maana hii ilikuwa kweli tupu kuanzia juu mpaka chini. Sis Nomsa aliisoma yote. Alipomaliza hakuchukua muhuri.

"Siwezi, Baba. Jumamosi hakukuwa na timu."

"Nilimwona! Amezama mpaka hapa!"

"Najua. Lakini nikiigonga hii, itapanda juu kama ile nyingine. Watauliza nani alimtuma bila namba ya kazi. Wale wakubwa wana kompyuta zao. Yeye ana nini? Utamponza."

Akazirudisha zote mbili, akazinyoosha kwanza kwa kiganja. Nilimwonyesha Mzee Joshi. Akanitolea muhuri wa duka, ule wa fotokopi, akasema angalau huu. Nikamkatalia, mara ya kwanza na ya mwisho.

Basi wanangu, kaunta mtaijua, idara mtazizoea, na nakala mbili msiache hata kidogo. Lakini kwenye droo ya kulia, chini ya stepla, kuna bahasha ya kaki. Mkimwona anapita Jules Street kwenye gari la manispaa, mfupi, kovu juu ya nyusi, mmoja wenu atoke mbio amkamate pale kwenye robot, taa ya kuongozea magari, kabla haijawaka kijani, ampe mkononi. Msiipunguze, Divine, nakujua. Ni kurasa tatu. Nimeanza kwa kumtakia afya yeye na wote waliomzunguka, nikampa habari za baridi ya Malvern, na nimemuulizia watoto.